Bado Vidole Vitatu

Mwalimu wa udereva hajazoea kubebwa. Miaka yangu yote ya kazi nimekaa kiti cha abiria katika gari lenye breki mbili, moja ya mwanafunzi na nyingine yangu, na mguu wangu haujui kutulia. Mwanafunzi akisogelea tuta, nakanyaga. Akisogelea mtu, nakanyaga na maneno juu. Siku ile ndani ya ndege nilikanyaga sakafu tangu tunaondoka, na sakafu haikunijibu. Mama alikaa kiti cha katikati, mimi upande wa njia, na dirishani alikaa mzee mmoja ambaye alishalala kabla hata hatujaletewa maji.

Tulikuwa tunamfuata Bosi. Bosi ni dada yangu mkubwa. Jina hilo nilimpa mimi nikiwa mdogo, kwa sababu aliiendesha nyumba nzima, kuanzia nani aoge kwanza mpaka nani alale upande wa ukutani. Hata mama, akiwa ameinamia cherehani yake, alikuwa anamjibu "Sawa, Bosi" huku kabana pini mdomoni. Baadaye aliolewa, akahamia nchi ya mbali na mumewe, na kila Jumapili alipiga simu kutuamuru kutoka hukohuko. Kisha wiki ile mshipa ukapasuka kichwani mwake akiwa kazini.

Madaktari hawakumficha shemeji. Walimwambia hataamka. Mashine ndiyo iliyokuwa inampumulia, na moyo ulikuwa unapiga kwa kubembelezwa na dawa. Wangeweza kuizima siku ileile, ila shemeji aliwaomba wamngoje mama mzazi afike, wakakubali, wakasema lakini moyo wenyewe hawawezi kuuwekea dhamana.

Mama hakubishana na madaktari, na hakutaka kuambiwa habari za miujiza. Alikuwa na ombi moja. "Nataka nimshike akiwa bado ana joto," aliniambia, amekaa kitandani kwake na viatu mkononi. "Akishapoa nitamshika tu, hiyo haina haraka. Namtaka na joto lake." Hilo ndilo tulilolifuata. Mtu yeyote aliyetuuliza njiani tunakwenda wapi, mimi nilitaja mji, lakini jibu la kweli lilikuwa hilo la joto.

Shemeji yangu ni mhasibu, mtu mpole, mtu wa namba. Aliingia kwenye mtandao, akaandika jina la uwanja wetu wa ndege na jina la uwanja wao, na mtandao ukampa umbali na muda wa kuwa angani: kilometa elfu sita na ushee, saa saba na nusu. Akajumlisha muda wa kutoka uwanjani mpaka hospitali, akawapa wauguzi saa ya mama kufika, nao wakaiandika kwenye ubao wa chumba. Nilipopata habari hiyo nilimpandishia sauti kwenye simu. Nilimwambia umbali kati ya sehemu mbili ni habari ya ramani, na ramani haina lori lililoharibika katikati ya daraja. Wanafunzi wangu wote nawaambia hivyo. Yeye akanijibu taratibu kwamba angani hakuna foleni, shem. Nikakasirika zaidi.

Pale ukaguzi mama alinyang'anywa mkasi. Ulikuwa ndani ya mkoba bila hata yeye kukumbuka, maana fundi cherehani na mkasi wake ni kama mimi na funguo. Mkaguzi aliuinua juu akiutazama kama silaha ya vita. Mama hakugomba. Alimwomba tu kwamba, kwa kuwa sasa ni wake, asiukatie karatasi, mkasi wa nguo ukikata karatasi ndiyo basi tena. Mkaguzi akasema sawa mama, na nina hakika aliutupa kwenye pipa mara tulipompa kisogo.

Basi tukawa angani. Mbele ya kila kiti palikuwa na kioo kidogo. Abiria wengine waliangalia sinema, mama akanitaka nimwekee "ile yenye njia." Nikamwekea ramani. Kulikuwa na kindege cheupe, mstari kutoka kwetu mpaka kwao, na mwisho wa mstari kidoti chekundu. Nikamwonyesha kidoti, nikamwambia Bosi yupo hapo. Mama alikitazama muda mrefu. Halafu akalaza vidole vyake juu ya kioo, kimoja baada ya kingine, kama anavyopima upindo wa gauni.

"Vidole kumi na viwili," akasema.

Tangu hapo hiyo ndiyo ikawa safari yake. Chini ya ramani kulikuwa na kilometa zilizobaki na muda uliobaki, vimeandikwa wazi, lakini mama hakuvitaka. Namba aliziona ni mali ya shemeji. Chakula kikaja, akakisukuma, akapima. Nikasinzia kidogo, nikaamshwa na kiwiko. "Vidole tisa, baba." Mhudumu akapita na chai, mama akamwambia kwa lugha yetu kwamba bado vidole saba, na yule mwanadada akatabasamu, akamwongezea sukari.

Nami nilikuwa nachoka na hesabu hiyo. Nasema ukweli, ilinikera. Kila alipolaza vidole niliona jinsi alivyojifungia mwenyewe ndani ya kile kioo, na mimi sikuwa na breki. Nilimwambia alale, atafika amechoka. Akasema atalala baadaye, na wakati ule sikumuuliza baadaye gani.

Ilipobaki safari fupi alinigeukia uso ukiwa umefunguka, mara ya kwanza tangu ile simu ya shemeji. "Bado vidole vitatu," akasema. Akatoa kitana ndani ya mkoba, akachana nywele zake za mbele, akajifunga kitambaa upya. Akaniuliza kama mikono yake ni ya baridi. Nikaishika. Ilikuwa ya baridi kweli, ndege ile ilikuwa na ubaridi wa friji. Akaiweka chini ya mapaja yake, akaikalia, ili aifikishe kwa mwanawe ikiwa na moto.

Alipoitoa kupima tena, akapiga kelele ndogo, akanishika mkono kwa nguvu.

"Tumerudishwa," alisema. "Baba, wameturudisha. Tazama."

Nikatazama. Kati ya kindege na kidoti palikuwa pameingia nafasi ya vidole nane, hata tisa. Kisha nikaelewa: ramani ilikuwa imejikuza yenyewe. Ndege ikikaribia, kile kioo huacha kuonyesha dunia nzima, kinaonyesha sehemu ndogo kwa ukubwa. Nikamjibu kwa ukali, ule ukali wangu wa barabarani, kwamba hakuna aliyeturudisha, atulie. Akauachia mkono wangu. Nikaona aibu.

Nikajaribu tena, taratibu. Nikamwambia achukulie ni kitambaa. Kikiwa mbali, ua lake linaonekana dogo. Ukikisogeza karibu na macho, ua linakuwa kubwa, na kitambaa hakijaongezeka hata uzi mmoja.

"Kumbe wamekisogeza karibu," akasema.

"Wamekisogeza karibu, mama."

Akacheka kidogo, akajifuta macho na ncha ya kitambaa cha kichwani, akasema mbona hukusema hivyo mwanzo, mtoto wewe na mdomo wako. Tukarudi kupima, sasa kwa kipimo kipya. Nane. Sita na nusu. Nne.

Halafu ndege ikainama upande. Si sana, lakini mimi maisha yangu ni kona, naijua kona. Nikatazama kioo. Kindege cheupe kilikuwa kinakipa mgongo kile kidoti chekundu. Rubani akaanza kuongea kwenye spika, kwa lugha ya huko ambayo mama haielewi, akasema uwanja umefunikwa na ukungu, ndege ni nyingi, na sisi tutazunguka juu mpaka tuitwe. Angani palikuwa na foleni.

Mama alilaza vidole. Vilikuwa sita. Nilimwona akifikiri. Kisha akanigeukia, ametulia kabisa, akanifundisha lile nililomfundisha.

"Wamekisogeza karibu tena," akasema.

Hapo ningeweza kumwambia. Abiria wa mbele walishaanza kunung'unika na kutazama saa. Lakini yeye alikuwa ameketi wima, mikono imerudi chini ya mapaja, amejichana, na sikuwa na moyo wa kumwondolea kile kitambaa. "Ndiyo, mama," nikasema. Tukazunguka. Kindege kilichora duara, kikachora jingine juu ya lile la kwanza, na kila duara mama alisema kitu kilekile, ila kila mara kwa sauti ndogo zaidi. Nilikanyaga sakafu mpaka goti likauma.

Rubani aliongea mara ya pili. Mafuta hayaruhusu kuendelea kungoja, alisema, tunakwenda kutua uwanja wa jirani. Sikutafsiri. Ndege ikashuka, ikapenya mawingu, magurudumu yakagonga chini, na mama alikuwa amefungua mkanda kabla hatujasimama. Alivaa viatu vyake. Aliukumbatia mkoba kifuani, akasimama, akamwamsha yule mzee wa dirishani kwa kumgusa bega, akamwambia tumefika.

"Mama, kaa," nikasema.

"Nikae nini na tumefika?"

"Huu ni uwanja mwingine."

Akanitazama. "Mwingine wa nani?"

Nikamweleza. Nilieleza vibaya, kwa kurukaruka, ukungu kwanza halafu mafuta halafu duara, na nikamwambia pia kwamba ile kusogea haikuwa kusogea, tulikuwa tunazunguka kweli, na mimi nilijua. Alinisikiliza akiwa amesimama. Aliuliza jambo moja tu: kutoka hapa mpaka kwa Bosi ni mbali? Nikasema hapana, kwa ndege dakika ishirini. Akasema basi tushuke twende kwa gari, wewe si dereva.

Nikamfuata mhudumu. Nilimweleza kila kitu, ugonjwa, mashine, mama, na nikamwambia nitatembea nikiwa nimembeba mama mgongoni kama hakuna gari. Alikuwa na huruma ya kweli. Lakini alisema uwanja ule ni mdogo, hauna maofisa wa kupokea wageni kutoka nje, mlango hautafunguliwa, ukungu ukipungua tutaruka tena. Nikagomba. Nilimwita majina ambayo siwaiti hata wanafunzi wanaogonga nguzo. Hakunijibu vibaya, aliniletea maji ya kunywa mpaka kwenye kiti. Ndege nzima ilikuwa inatutazama na mimi nilikuwa nalia kwa hasira, mwanaume mzima, na glasi ya plastiki mkononi.

Simu ikapata mtandao. Ikaita papo hapo, na alikuwa shemeji.

"Mmetua," alisema. Hakuuliza. Alikuwa anaifuata ndege yetu kwenye mtandao na kioo chake kiliandika imetua. "Nimeshamwambia sikioni. Nimemwambia mama ametua. Harakisheni shem, moyo unashuka, madaktari wamesimama hapa, wanasema si wao tena, ni moyo wenyewe."

Nikamwambia tumetua wapi.

Nilimsikia akivuta pumzi, halafu nikamsikia akilia polepole, kama mtu anayejaribu asiwaamshe waliolala. Ghadhabu yote niliyomwekea kwa sababu ya ile saa yake ya ubaoni iliniisha palepale. Alikuwa amehesabu alichoweza kuhesabu. Na mimi nilikuwa nimefanya nini cha zaidi, kama si kukanyaga sakafu?

Mama aliinyoosha mikono. "Nipe," akasema. "Mwambie amwekee mwanangu simu sikioni."

Aliipokea simu kwa mikono miwili, akakaa chini. Yule mzee wa dirishani alikuwa macho sasa, alivua kofia yake na kugeuza uso upande wa nje, ingawa nje hapakuwa na kitu ila ukungu na gari la mizigo. Mama alikohoa kusafisha koo.

"Bosi," alisema. "Ni mama yako. Niko karibu, lakini sijafika. Wamenifungia hapa."

Akasikiliza, kama anayempa mwenzake nafasi ya kujibu.

"Usinisubiri, mwanangu. Umenisubiri vya kutosha, umechoka, nasikia hata kwenye hiyo mashine. Usikae unahangaika kwa ajili yangu. Wewe tangulia. Njia ni moja, nitakukuta."

Hakuikata simu, wala hakuongea tena. Aliiacha sikioni, macho ameyafumba, na mimi nilipoinamisha kichwa changu kwenye cha kwake nilisikia chumba kile cha mbali: viatu vya mtu vikitembea, kitu kikilia kwa mpigo, mtu akisema neno fupi. Baada ya muda kile kilichokuwa kinalia kikanyamazishwa. Kisha tukasikia jina la dada yangu, lile la vyetini, likiitwa na mumewe mara nyingi.

Mama akanirudishia simu. Uso wake ulikuwa mkavu.

"Amekwenda," akasema. "Maisha yake yote ananiamuru yeye. Leo nimemwamuru mimi, na amenisikia."

Ndipo akalia. Alilia kwa sauti, na hakuna aliyemnyamazisha. Mhudumu alikuja akapiga magoti kwenye njia, akamshika miguu, akakaa hivyo mpaka taa za mikanda zilipowaka. Ukungu ulikuwa umepungua. Tuliruka, na kweli zilikuwa dakika ishirini tu, hata vinywaji havikugawiwa. Mtandao haukusema uongo: ukichukua viwanja vile viwili na kuvipima, umbali wake ni mdogo sana, karibu si umbali. Tulipotua, baadhi ya abiria wa nyuma ambao hawakujua habari yetu walipiga makofi kwa furaha. Sikuwalaumu. Walikuwa wamefika.

Kwenye dirisha la uhamiaji alikaa mwanadada mwenye nywele fupi, mchovu, foleni ya ndege zote zilizocheleweshwa imemlemea. Alifungua pasi zetu, akauliza tumekuja kufanya nini. Viza ilisema kumtembelea mgonjwa. Nikafungua mdomo niseme hivyo, na sikuweza, maana hapakuwa tena na mgonjwa. Nikasimama pale kama mwanafunzi aliyezimikiwa na gari katikati ya makutano.

"Anauliza nini?" mama akataka kujua.

Nikamwambia.

"Mwambie nimekuja kumchukua mtoto wangu."

Nikatafsiri. Yule mwanadada akatabasamu, labda mara ya kwanza siku nzima. Akavuta fomu nyingine kutoka pembeni, akasema mtoto akisafiri na mzazi mmoja tu kuna kipengele cha kujaza, akaniuliza mtoto ana umri gani.

Nikamgeukia mama nikamuuliza, kana kwamba silijui jibu. Mama aliegemea kaunta. Alifikiri, maana alikuwa amechoka, na mtu akichoka hata umri wa mwanawe anautafuta.

"Arobaini na moja," alisema. "Lakini mwambie ni mtoto."

Nikatafsiri yote, na hilo la mwisho pia. Yule mwanadada akaweka kalamu chini.